Shimo la Choo Likijaa, Nani Anawajibika? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Afya, Usafi wa Mazingira na Uwajibikaji katika Mitaa Isiyopangwa ya Dar es Salaam

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wapangaji, wenye nyumba na viongozi wa mitaa wamekuwa wakiyarudia katika mikutano, kwenye foleni za maji na mlangoni kwa mtendaji. Majibu yanahusu Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko mimi na wenzangu tunakofanyia kazi ya kukagua usafi wa nyumba na visima.

Mnaposema "mtaa usiopangwa" mna maana gani? Sisi ni wavamizi?

Hapana. Mtaa usiopangwa ni ule ambao nyumba zilitangulia na ramani ya mipango miji ikachelewa, au haikuja kabisa. Manzese, Tandale, Keko, Buguruni, Vingunguti na sehemu kubwa ya Mbagala zilikua kwa namna hiyo. Mtu alinunua kipande cha shamba kutoka kwa mwenyeji, mkataba ukaandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe na mashahidi, chumba cha kwanza kikasimama, kisha vikaongezwa vingine hadi kufikia ukuta wa jirani. Viwanja vilivyopimwa havikuwahi kutosheleza waliovihitaji, na aliyesubiri kimoja angeweza kusubiri hadi watoto wake wamalize shule. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na makadirio yaliyozoeleka ni kwamba takribani asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi katika maeneo ya aina hii. Tunayaita uswahilini, lakini kwa hesabu hiyo uswahilini ndiko mji ulipo.

Kuboresha mitaa hiyo si hisani wala jambo jipya. Manzese iliboreshwa kwa mpango wa Serikali na Benki ya Dunia tangu miaka ya 1970; Hanna Nassif, huko Kinondoni, ilijengewa mifereji na barabara katika miaka ya 1990 kwa nguvu kazi ya wakazi wenyewe; na Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000 inakubali kuboresha maeneo hayo pale yalipo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba hustahili gari la taka kwa sababu nyumba yako haina hati, mwombe akuonyeshe ni sheria gani inayosema hivyo.

Afya ni jambo pana. Kwa nini kila mara mnaanzia chooni?

Kwa sababu uchafu unaanzia huko safari yake, na kwa sababu ni jambo ambalo watu wanaona haya kuliuliza hadharani. Sehemu ndogo tu ya jiji imeunganishwa na mabomba ya majitaka, na kaya nyingi hutegemea shimo. Kwa hesabu ya mafundi, mtu mmoja huacha takribani lita 40 hadi 60 za tope kwa mwaka katika shimo la kawaida. Nyumba ya vyumba sita yenye watu 20 inaongeza basi kama lita 1,000 kila mwaka, yaani mita moja ya ujazo, kabla hatujahesabu maji ya kuogea yanayoelekezwa humo humo, nepi, pedi, matambara na chupa. Bondeni, ambako maji ya ardhini yako karibu, shimo haliwezi kwenda chini, hivyo watu hulipandisha juu kwa matofali, matairi au mapipa. Ukiona choo ambacho mtu anapanda ngazi nne au tano kukifikia, ujue ardhi ya pale imejaa maji na shimo lile ni fupi kuliko linavyoonekana.

Kila tunapokagua nyumba tunauliza: uchafu ukitoka hapa unakwenda wapi, unabebwa na nani, na usipofika tumuulize nani? Mara nyingi sehemu ya kwanza inajibiwa kwa kunyoosha kidole kuelekea mtoni, na sehemu ya mwisho haijibiwi.

Kuna ubaya gani kutapisha choo, ikiwa mvua inabeba kila kitu?

Kutapisha ni kuutoa uchafu wa shimo kwa makusudi wakati mvua inanyesha ili maji yaende nao. Katika choo kilichopandishwa, fundi huacha tundu ubavuni tangu siku ya kujenga, akaliziba kwa tofali au kwa kipande cha bomba kilichosokomezwa matambara. Mvua kubwa ya Aprili ikianza usiku, mtu anatoka na tochi, anachomoa kile kizibo, na kazi inamalizika kabla majirani hawajaamka.

Asubuhi moja ya masika nilisimama kwenye uchochoro ambao watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kujibana ukutani, nikamtazama mama akikwangua tope jeusi kwenye kizingiti chake kwa kifuu cha nazi. Ndoo yake ya maji ya kunywa alikuwa ameipandisha juu ya kiti, na kiti juu ya kitanda. Choo chake yeye hakikuwa kimejaa. Uchafu ule ulikuwa wa nyumba ya juu, na kutoka kwake ulikuwa ukiteremka kwa mwenzake wa chini, kisha kwenye kisima kifupi wanachochotea watu wa nyumba kumi, kisha Mto Msimbazi. Mvua haikuubeba, iliugawa tu.

Hata hivyo nawasihi viongozi wasiishie kwenye faini. Wengi wanaotapisha wanafanya hivyo kwa sababu gari haliwezi kuingia au bei yake haikabiliki kwa mara moja, na faini isiyoambatana na njia nyingine inawafundisha watu kutapisha saa nane za usiku badala ya saa mbili.

Gari la majitaka halifiki kwangu. Nimwite chura?

Vyura ni jina wanaloitwa vijana wanaoingia shimoni kwa koleo na ndoo. Humwaga mafuta ya taa ili kupunguza harufu, huvunja sakafu au ukuta, kisha huchimba shimo jingine pembeni na kuhamishia uchafu humo. Kazi hiyo hufanyika usiku, mara nyingi bila buti wala glavu. Gesi inayojikusanya shimoni inaweza kumwangusha mtu kabla hajapata nafasi ya kuita, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Kwa hiyo jibu langu ni hapana: mtu asiingizwe ndani ya shimo, hata kama yeye mwenyewe yuko tayari na njaa ndiyo inayomsukuma.

Njia nyingine zipo. Ya kwanza ni kuuliza urefu wa mpira wa gari kabla ya kukata tamaa, kwa maana magari hayalingani, na wakati mwingine linalokosekana ni ruhusa ya jirani wa barabarani kupitisha mpira uani kwake. Hapo mjumbe anaweza kusaidia kuliko mhandisi. Ya pili ni pampu ya mkono, ambayo imekwisha kutumika Dar es Salaam kwa miaka mingi sasa. Mafundi wawili husimama juu, hufyonza tope na kulijaza kwenye mapipa, kisha mapipa hubebwa kwa toroli au guta hadi mahali gari linapofika. Udhaifu wake ni kwamba haivuti vizuri penye matambara na chupa, na haifiki kwenye kina kirefu. Ya tatu, ambayo ndiyo yenye matumaini zaidi kwa mitaa iliyobanana, ni mtandao mwepesi wa majitaka: mabomba membamba yanayofukiwa kina kifupi na kupita nyuma ya nyumba na viwanjani mwa watu badala ya barabarani. Vingunguti, iliyo jirani na mabwawa ya kutibu majitaka, imewahi kuwekewa mabomba ya namna hii. Sharti lake ni makubaliano: bomba hupita uani kwa mtu, na kaya moja ikikataa au ikitupa taka ngumu ndani yake, kaya zote za juu yake zinaziba.

Yeyote utakayemlipa, mwulize kwanza anakwenda kumwaga wapi, na uandike namba ya gari. Uchafu uliolipiwa na kumwagwa kwenye mfereji wa mtaa wa pili haujaondolewa.

Nani alipe, mwenye nyumba au mpangaji?

Kuwa na choo kinachofaa ni wajibu wa mwenye nyumba, kwa sababu choo ni sehemu ya jengo kama lilivyo paa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa ofisa afya mamlaka ya kukagua na kumwagiza mwenye jengo arekebishe. Mpangaji ana wajibu wa kutumia vizuri na kutotupa humo vitu visivyooza. Utaratibu ambao nimeuona ukidumu ni wa kila chumba kuweka kiasi kidogo kila mwezi pamoja na hela ya umeme, ikatunzwa na mtu ambaye si mwenye nyumba, ili siku shimo likijaa pesa iwepo. Kinachoharibu ni kuanza kuchangishana siku ambayo choo kimekwisha kufurika, wakati baba mwenye nyumba yuko safarini na wapangaji watatu wamekwisha kuhama.

Maji ya kisima chetu ni meupe na hayana harufu. Kwa nini tuchemshe?

Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho wala havina harufu. Mwongozo wa kawaida unataka choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Pimeni kwa hatua kutoka kisima chenu hadi choo kilicho karibu zaidi, mkihesabu pia vyoo vya majirani. Katika mitaa mingi tuliyopima hatua ziliisha kabla ya kumi.

Maji ya kisima kifupi yatumike kufulia na kudekia. Ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, au yawekwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi na kusubiriwa nusu saa. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au bomba, maana kikombe kinachochovywa na kila mkono hurudisha kile ulichokichemsha. Na maji ya boza au ya dumu la mkokoteni si salama kwa kuwa tu yamenunuliwa.

Mtu akianza kuharisha maji maji, tufanye nini kwanza?

Mpeni maji ya chumvichumvi (ORS) mara moja, huku mkijiandaa kumpeleka kituoni. Kama hamna paketi, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Anywe kidogo kidogo bila kukoma, hata akitapika. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Choo kinachofanana na maji ya mchele, macho yaliyodidimia, ngozi inayobaki imekunjamana ukiifinya, au kukosa mkojo, ni dalili za kutosubiri asubuhi: kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, lakini mgonjwa anayewahishwa maji kwa kawaida hupona. Nguo na matandiko yake yasioshwe kisimani wala kwenye mfereji.

Kwa nini baadhi ya viongozi huficha habari za kipindupindu?

Huogopa kufungwa kwa biashara za chakula, huogopa lawama, na wengine huogopa aibu ya mtaa wao kutajwa redioni. Nawaelewa, lakini siwezi kukubaliana nao. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, ambao maeneo ya Kinondoni kama Tandale na Manzese yalikuwa miongoni mwa yaliyoumizwa mwanzoni, ulisambaa hadi mikoa mingi ya nchi na kuendelea kwa miezi mingi. Tarehe 9 Desemba ya mwaka ule sherehe za Uhuru zilifutwa kwa agizo la Rais John Magufuli, na nchi nzima ikaambiwa ishike fagio. Siku ile watu walifanya usafi kwa moyo. Nilichojifunza katika siku zilizofuata ni kwamba taka zilizokusanywa barabarani kwa masaa matatu zilihitaji gari la kuzibeba, na pale gari lisipofika kwa wiki, mvua ilizirudisha zilikotoka.

Taarifa ya mgonjwa mmoja, ikitolewa siku hiyo hiyo kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kwa bwana afya wa kata, inawezesha kisima kukaguliwa na kutiwa dawa kabla ya mgonjwa wa kumi.

Kila ofisi inatutuma ofisi nyingine. Nani hasa anahusika na nini?

Swali hili ndilo linalowachosha watu kuliko yote, na ninaamini ugumu wake ndio unaolinda uzembe mwingi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa huchaguliwa na wakazi kwa miaka mitano, na uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Yeye na kamati yake wanasimamia mambo ya mtaa na kuitisha mkutano, ila hawana gari wala fungu kubwa la fedha. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, ndiye katibu, na ndiye anayepaswa kutunza kumbukumbu. Hakuchaguliwa, hivyo mwajiri wake ndiye wa kumpelekea malalamiko. Diwani anawawakilisha katika baraza la halmashauri, ambako bajeti inapitishwa. Halmashauri, iwe Jiji la Dar es Salaam au Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, inahusika na ukusanyaji wa taka ngumu, maofisa afya, zahanati na vituo vya afya.

Majisafi na majitaka ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 haiishii kwenye bomba la maji. Usafi wa mazingira umo hadi kwenye jina lake. Ukiwa na lalamiko, anza na ofisi ya DAWASA ya eneo lako, upewe namba ya lalamiko, na usiporidhika ulipeleke EWURA, ambayo ndiyo inayodhibiti huduma hiyo. Barabara za mitaa na mifereji iliyo kandokando yake ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi mwaka 2017. Mfereji wa barabara uliozibwa na taka unagusa TARURA na halmashauri kwa pamoja, na hapo ndipo kutumana kunapoanzia. Dawa tuliyoipata ni barua moja yenye anwani mbili, kila ofisi ikiona kwamba mwenzake amekwisha kuandikiwa.

Mkutano wa mtaa hauitishwi. Tunaweza kufanya nini?

Mkutano mkuu wa mtaa unapaswa kufanyika kila baada ya miezi miwili, na mkazi yeyote mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anayo nafasi yake pale, awe mwenye nyumba au mpangaji. Wapangaji wengi hawalijui hilo, na wapo wanaofurahi wasilijue. Mwenyekiti asipouitisha, mwandikieni mkimkumbusha, nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kata. Pasipo jibu, mtendaji wa kata na diwani waombwe kwa maandishi wausimamie. Katiba, katika Ibara ya 8, inasema Serikali itawajibika kwa wananchi na kwamba wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao, na serikali hiyo inaanzia pale mlipo na viti vya kuazima chini ya mwembe.

Chagueni pia saa inayofaa. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya Jumanne unawapata wazee na wenye maduka, huku mama lishe, makondakta na wafanyakazi wa majumbani, ambao ndio wanaotumia vyoo vya kushirikiana, wakiwa kazini.

Tukiuliza mapato na matumizi tunaitwa wachochezi. Tuulizeje?

Ulizeni kwa namba. Katika mtaa mmoja nilikowahi kupanga, kila kaya ilichangia kisima kirefu, na miezi minane ikapita bila hata tundu kutobolewa. Mikutano miwili iliyotangulia ilikuwa imevunjika kwa makelele. Wa tatu, mama mmoja muuza maandazi alisimama na daftari la shule lililokwisha kuingia mafuta pembeni, akasema, "Ndugu mwenyekiti, naomba kusoma." Akasoma jina la kila aliyelipa kupitia kwake, tarehe na kiasi, ukurasa baada ya ukurasa, bila kumtuhumu mtu. Alipofika kwenye jumla, aliomba tu kuonyeshwa ukurasa wa upande wa pili. Hakuna aliyeweza kumwita mchochezi. Sehemu ya fedha ilirudi, sehemu haikurudi, lakini michango iliyofuata iliwekwa benki kwa saini za watu watatu, mmoja wao akiwa yeye.

Kwa fedha za ofisi ya umma ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Ombeni kitu mahususi: "mapato ya ada ya taka ya mtaa wetu kuanzia Januari hadi Juni" kitajibika, ilhali "hela zetu zinakwenda wapi" halina jalada.

Tunalipa ada ya taka na gari haliji. Tuache kulipa?

Msiache kwanza, andikeni. Halmashauri nyingi hukabidhi ukusanyaji kwa mkandarasi au kikundi kwa mkataba, na mkataba unataja siku za kupita. Ombeni nakala ya ratiba, ibandikeni ukutani kwa mjumbe, na wekeni alama kila gari linapokuja na lisipokuja. Baada ya miezi miwili mtakuwa na karatasi ambayo bwana afya anaweza kuitumia dhidi ya mkandarasi, na ambayo diwani hawezi kuikwepa. Kusitisha malipo kabla ya hapo kunampa mkandarasi sababu, na taka zinabaki za kwenu.

Zahanati ni yetu, lakini dawa hakuna na mgonjwa anaombwa hela. Tumwambie nani?

Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kinapaswa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kwa hiyo kamati hiyo ina jambo la kusimamia kweli. Waulizeni wajumbe wenu ni lini walikutana na waliidhinisha ununuzi gani. Kama hamwajui kwa majina, anzeni na hilo.

Sera inasamehe malipo kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kinachowakwamisha wazee wengi ni barua ya utambulisho kutoka mtaani, ambayo huzungushwa kwa wiki. Ofisi ya mtaa inaweza kuandaa orodha yao yote kwa siku moja. Sijaona kazi nyepesi kuliko hii yenye faida kubwa hivyo.

Choo cha kushirikiana kinawafaa wote?

Waulizeni wanaoogopa kukitumia. Msichana anayekwenda chooni saa tatu usiku kupitia uchochoro usio na taa anapima hatari mbili, na mara nyingi anaamua kutokunywa maji tangu jioni. Mlango usio na komeo kwa ndani, kukosa mahali pa kutupa pedi, ngazi tano kwa mzee wa magongo: hayo hayaonekani katika taarifa inayosema "kaya zina choo". Tunapokagua, tunamwomba binti, mama mwenye mtoto mgongoni na mtu mwenye ulemavu watembee nasi, wao wakiwa mbele.

Tukijitokeza kudai huduma, si ndio tutabomolewa?

Hofu hii ina msingi, na haifai kubezwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka kingo za mto kama eneo la hifadhi, hivyo anayeishi ndani yake yuko hatarini kwa maji na kwa sheria. Ila kunyamaza hakumfichi mtu: ramani zipo. Kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa kuchora ramani uitwao Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walitembea mitaani wakichora nyumba, mifereji na njia za maji, na kazi yao iko wazi kwa yeyote. Mtaa wenye orodha yake ya kaya, wapangaji wakiwemo, una la kuweka mezani siku ya kuzungumzia fidia au kuhamishwa. Usio nayo utahesabiwa na wengine.

Kuna mahali ambapo wakazi wamefanikiwa kusikilizwa kwa kiwango kikubwa?

Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ni mfano wa karibu. Mwezi Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza eneo hilo kuwa la mipango maalumu, baada ya miaka ambayo Muungano wa Wanavijiji, yaani umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wao walikuwa wakikusanya takwimu za maji, vyoo na kodi za vyumba, na kuonyesha kwamba mkazi wa Mukuru hulipia lita moja ya maji zaidi ya mkazi wa mtaa wa kitajiri. Mashauriano yalipangwa kuanzia vikundi vidogo vya kaya, ndipo mabomba ya majitaka na barabara vikafuata. Wenzetu wana Katiba ya mwaka 2010, ambayo Ibara yake ya 43 inataja usafi wa mazingira na maji safi kuwa haki, na hilo liliwasaidia. Lakini takwimu zao walizikusanya kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na hilo halihitaji ibara.

Barua ya kuomba taarifa iandikweje?

Iwe fupi, ukurasa mmoja, yenye tarehe na saini za watu watatu au zaidi. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

"Ndugu Mtendaji,

Yah: Maombi ya taarifa ya ada ya taka, Januari hadi Juni

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa mtaa huu tunaomba taarifa ya maandishi inayoonyesha: kiasi kilichokusanywa kila mwezi, jina la mkandarasi au kikundi kilicholipwa, na siku ambazo gari lilipaswa kupita. Tunaambatisha daftari letu la siku ambazo gari lilipita na ambazo halikupita. Tunaomba kujibiwa ndani ya siku 30 kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Nakala: Mtendaji wa Kata, Diwani, Ofisa Afya wa Kata."

Pelekeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe mkiwa mmesimama pale pale, kisha itunzwe na mtu ambaye nyumba yake haivuji.